Iendelee Pale Ilipokatikia

Kibondo,
Mwezi wa tatu, 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Barua yako ameniletea dereva wa lori, imelowa pembe zote lakini maneno yako yanasomeka, hata yale ya kunigombeza. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi za kwa Bi Rehema kama tabibu alivyokukataza, au bado unajifanya msichana? Na Bibi, macho yake yanaona japo tundu la sindano? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila nimechoka. Nakwambia mwenyewe kwa sababu ukiuona mwandiko huu utajua tu.

Mvua za huku hazina simile. Nalala na soksi, mtoto wa Tanga mimi. Ugali wa muhogo nimeshauzoea, maparachichi yanaoza chini kwa wingi wake, lakini nazi hakuna, na maharage bila nazi, Mama, ni adhabu.

Umeuliza kwa nini sikuja mwezi uliopita kama nilivyoahidi, na kama nitakuja Idi ya kuchinja. Nitakueleza, ila uvumilie, maana habari yenyewe ina mitambo ndani yake.

Mwaka jana ofisi yetu ya misaada ililetewa kompyuta ya kuunganishwa na redio yangu. Unaandika barua, redio inaipeleka hewani mpaka ofisi ya Kasulu, na huko wanaisoma kwenye kompyuta yao. Nyingi ni za wakimbizi wa Burundi waliopotezana njiani. Mama yuko kambi ya huku, mtoto yuko kambi ya Kasulu, na hakuna anayejua kama mwenzake yu hai. Zamani tulikuwa tunasoma majina redioni kwa sauti, ikakatazwa, kwa sababu mwenye redio yoyote anasikia nani yuko wapi, na si wote wanaotafuta watu kwa wema.

Basi shida ikawa radi. Ikipiga, mawimbi yanakatika, na ile programu ya kompyuta, badala ya kuendelea ilipoishia, inaanza upya toka herufi ya kwanza. Kama mtu anayesoma Yasini, akikohoa katikati anarudi mwanzo. Barua fupi zilipita. Barua ya watoto waliopotea ni ndefu, ina majina, makovu, vilima walikotoka, na hiyo haikufika hata mara moja. Ukiikata vipande, programu inavifunga tena kuwa mzigo mmoja.

Ndani ya barua hiyo yumo mtoto anaitwa Goreti. Mama yake anakuja dirishani kwangu kila asubuhi, miguu imejaa tope jekundu. Walipotezana mtoni wakati wa kuvuka, mtoto akiwa wa umri wa darasa la pili. Anapiga makofi polepole kwa heshima ya kwao, anainamisha kichwa, kisha anauliza habari za mwanawe, "Mwana wanje, redio haiyasema?" Namjibu bado. Anashukuru, anaondoka. Angenitukana ningepata nafuu.

Sasa sikiliza, hii ndiyo ajabu yake. Programu hiyo haiuzwi. Walioiandika wameiacha wazi, maandishi yake yote yanasomeka, na ukiona kasoro unatengeneza, mradi ulichotengeneza uwarudishie nao wengine wapate. Ni kama shughuli ya jirani, kila mwanamke anakuja na kisu chake kumenya vitunguu, na hakuna anayeuliza umelipwa nini. Nikaifungua. Nikaisoma mchana wote kila jenereta ilipowashwa, mpaka nikaota mistari yake. Kasoro nikaiona. Nikaandika kipande cha kuifanya iulize upande wa pili, "Umeishia wapi?" halafu iendelee pale ilipokatikia.

Lakini lazima pande zote mbili ziwe na kipande hicho, na injinia wetu wa Dar akakataa. Alisema hewani, watu wote wanasikia, "Dada, sisi hatuweki vitu vya kujitengenezea huko porini. Wenye programu wakikikubali, nitakiweka Kasulu siku hiyohiyo." Nilimjibu "sawa" kwa sauti ambayo wewe ungeijua.

Ikabidi niwaandikie wenye programu kwa kompyuta hiyohiyo, kupitia Dar. Mkubwa wao ni Bwana Aksel, yuko huko Ulaya kwenye theluji. Mwenzangu wa zamu ni Nikodemo, mwenyeji wa Busunzu, mtu ambaye akikusalimu unaweza kuchemsha chai ikaiva kabla hajamaliza. Nilipoanza kuandika tu kasoro na dawa yake, akanishika mkono. "Eeh, Dada Zuhura! Mtu mzima unamwendea hivyo, hujamjulia hali? Atasema tumelelewa na nani?" Nikaona kweli. Na wewe ulinifunza hivyohivyo. Basi tukamwamkia. Tukamuuliza mke, watoto, mifugo kama anayo, na baridi ya kwao. Tukamweleza mvua zetu, wakimbizi wetu, tabu yetu ya radi. Kipande changu kikawa mwisho kabisa, kwa adabu.

Tukangoja. Krismasi ikapita, watu wa Nikodemo wakala ng'ombe wao, Ramadhani nikaimaliza, kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: anasikitika na hali yetu, lakini yeye na wenzake wanajitolea, hawana fedha za kutoa msaada.

Mama, alidhani tunaomba! Hakufika chini kwenye kipande. Aliona Afrika, aliona wakimbizi, aliona maamkizi marefu, akafunga. Nililia kwa hasira, na Nikodemo akatoka nje akasimama mvuani kama aliyefiwa. Siku hiyohiyo nikakituma tena kipande peke yake, bila hata hodi, na mstari mmoja wa kusema kinatibu nini. Niliona haya kama niliyeingia chumbani kwa mkwe na viatu.

Kesho yake akajibu! Alifurahi, akanikosoa mahali pawili, na alikuwa na haki. Nikarekebisha, wakakipokea. Programu mpya ilipotoka jina langu limo ndani yake, Zuhura, pamoja na watu wa nchi ambazo sijui ziko wapi. Nilijiona mkubwa siku nzima. Injinia akaiweka Kasulu kama alivyosema, bila neno la pole.

Jioni ya siku ile radi ilipiga vibaya. Mawimbi yakakatika, yakarudi, na barua ikaendelea. Ikakatika tena, ikaendelea. Nikodemo alikuwa anapiga makofi mbele ya mashine kana kwamba ni chifu. Barua ya watoto ikafika Kasulu nzima.

Majibu yakaja baada ya siku chache, na watoto kadhaa wamepatikana, Mungu ashukuriwe. Goreti alikuwepo. Alikuwa kambini Kasulu mpaka Krismasi, mzima. Baada ya Krismasi akachukuliwa na mwanamke aliyesema ni shangazi yake, wakaaga kuwa wanakwenda Titye kulima. Titye wametafutwa, hawapo. Ni wiki zilezile, Mama, salamu zetu zilipokuwa zimelala kwa Bwana Aksel. Ameniandikia tena juzi kuuliza Kibondo ni mahali pa namna gani. Sijamjibu.

Mama Goreti nilimwambia mwenyewe. Aliuliza kitu kimoja tu, "Alikuwa anatembea muzuri?" Nikasema wameandika anatembea vizuri na anachota maji. Akapiga makofi yake polepole, akaenda. Kesho yake asubuhi alikuwa dirishani tena.

Ndiyo sababu Idi hii sitakuja. Sasa tunapeleka jina la Goreti kila ofisi yenye mtambo kama wetu, na mashine ikigoma hakuna mwingine wa kuifungua mpaka Nikodemo aelewe. Usinikasirikie sana. Nichinjieni kwa niaba, na nyama yangu ale mdogo wangu Mwanaidi anayenyonyesha.

Msalimie Bibi, umbusu mikono yote miwili. Msalimie Baba Mdogo na dukani kwake kote, na Bi Rehema mwenye ngazi. Nikodemo anakuamkia, kwa kirefu, nimemkatisha. Na Mama Goreti anakusalimu. Aliniona naandika, akauliza kama ni barua ya nyumbani. Nikasema naam, kwa mama. Akauliza, "Iye anajua uko wapi?" Nikamwambia anajua. Akasema, "Umusalimie sana."

Wako mwenye kukupenda na kukukumbuka,
Zuhura