Kutu Uliyoizuia

Karakana ya Marehemu Baba,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka Grisi,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na pacha mmeamka salama, na kwamba mgongo wako umepoa tangu ulipoinua ile injini peke yako kama vile huna wenzako kazini. Sisi tunapumua. Mjomba kikohozi kimemwacha, paka wa karakana amezalia ndani ya mkoba wako wa spana, na mimi nina afya ya kutosha kukasirika.

Nimekasirika, kaka. Wiki hii nimekupigia mara tano, na kila nikifika kwenye neno "kisima" unaniambia mtandao mbovu. Barua haina mtandao. Dereva wa lori anayekuja huko kesho nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uifungue.

Unalijua lile ghala la zamani la dawa za wadudu nyuma ya ukuta wetu. Mapipa yalioza, sumu ikazama ardhini, na mwaka jana nikaikuta kule maabara ninakofanya kazi, ndani ya chupa ya maji niliyoteka kwenye kisima cha Mama. Ni sumu yenye klorini. Ukichemsha maji ipo, ukichuja kwa kitambaa ipo.

Kinachoiweza ni chuma. Chuma kitupu, zile chenga zinazodondoka chini ya mashine ya Baba ya kukereza. Maji yenye sumu yakipita katikati yake, chuma kinaing'oa ile klorini, chenyewe kinaliwa na kutu, na kinachobaki hakina makali yale. Nilijaribu kwenye chupa wiki sita nzima mpaka mkemia mkuu, mwanamke asiyesifu hata mvua, akasema haya, chimbeni. Majirani wakachimba handaki kati ya ghala na kisima. Chenga nilizifua mwenyewe kwa sabuni, gunia baada ya gunia, mpaka vidole vikachubuka, kwa sababu chuma chenye mafuta hakigusani na maji. Kisha nikasafiri kikazi siku nne, nikamwachia Mjomba azimwage na kufukia.

Nimesubiri miezi sita. Jumatatu nikapima maji: sumu iko vilevile. Nikarudia mara tatu. Mkemia mkuu akaniuliza mbele ya watu kama zile chupa zangu nilizipima au nilizitabiri. Nilitoka pale nikashika koleo, nikafukua handaki. Kaka, chenga zinang'aa! Nusu mwaka ndani ya udongo wenye maji, zinang'aa kama zimekerezwa jana. Nikanusa kiganja. Oili.

Mjomba wala hakuona haya. "Si kaka yako alipiga simu? Kasema tusizike chuma kikavu, kitaoza chote, tutamwaibisha baba yenu kaburini. Nikakipaka oili, mwanangu, hata chembe moja sikuiruka."

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Najua ulikolitoa jambo hili. Baba alituchapa sote wawili kwa ajili ya spana moja iliyolala nje kwenye mvua. Kutu ni aibu ya fundi, alisema, na mimi nami niliamini hivyo mpaka nilipokwenda kusoma. Lakini kutu ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe! Nilikuwa hapa, Grisi, na namba yangu unayo. Ungeuliza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yako imempiga Mama.

Maana Mama anayanywa. Nilimwambia asubiri vipimo, nikawa namletea maji ya bomba kwa madumu. Wiki hii ndiyo nimegundua kwamba tangu siku aliyosikia Grisi ameweka mkono wake, madumu yangu anafulia, na ya kunywa anateka kisimani. Nimebandika karatasi nyekundu pale; ameibandua, amefunikia mtungi. Nimefungua mpini wa pampu nikauficha. Ameteremsha ndoo kwa kamba. Nikimweleza habari za oili ananiambia tangu utotoni nakuonea wivu. "Mwanangu hawezi kukosea chuma," anasema, "kazaliwa nacho mkononi." Nimelia, kaka. Nimelia mbele yake na bado akanyanyua kikombe.

Sitaki uniombe radhi, na zawadi usinitumie. Chenga nimeanza kuzifua upya, na majirani wananisaidia huku wananisema. Ninachotaka umpigie Mama leo hii, karatasi hii ikiwa bado mkononi mwako, umwambie kwa mdomo wako: Mama, nilikosea, usiyanywe. Maneno yangu mia hayamfikii, lako moja linatosha. Unaona haya? Meza haya yako, maana mwenzio anameza sumu. Simu yake huiwasha mchana, baada ya chakula.

Msalimie sana wifi. Pacha wabusu vichwani, wao hawana kosa. Mjomba anakusalimu, ingawa amenuna, na sabuni hataki kuigusa. Mungu akulinde huko kwenye mavyuma yako, na akupe ulimi mwepesi kama ule uliompigia Mjomba.

Mama naye anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni ananitazama nikiandika, kikombe kiko mapajani. Amesema nikuandikie kwamba maji ya kisima siku hizi yamekuwa matamu, na kwamba anakushukuru.

Wako akupendaye hata leo,
Mdogo wako, Upupu