Nilipoinamisha Kichwa Ukumbini

Karatu, Ijumaa

Yeyo, mama yangu mpenzi,

Nainamisha kichwa kutoka huku, uniwekee mkono. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika Piyaya, au bado mnahangaika na ng'ombe? Mimi mzima, bado nafua mashuka ya wageni pale gesti. Huyo mdogo wangu anayekusomea asiruke neno, maana leo nina hasira na sitaki kuificha.

Jana wenye hoteli na maduka ya watalii waliitwa ukumbini wakutane na sisi wenye bidhaa. Niliomba ruhusa kazini, nikabeba mikufu na mikanda yote mliyotunga wewe na akina mama wa boma. Tukipata duka moja tu, mtaacha kukaa juani barabarani mkibembeleza magari.

Mwenye hoteli kubwa kuliko zote alikuwa mzee wa kwetu, rika la marehemu baba. Sasa ningefanyaje? Nikainamisha kichwa kama ulivyonilea. Akanigusa utosini. "Mwanangu, wa boma la nani?" Nikamwambia. Akauliza ng'ombe, akauliza majani, watoto, wagonjwa, na mimi najibu tu macho chini, nasubiri aniulize kilichonileta. Mkufu nimeushika mkononi, Yeyo!

Mara akachomoza kijana mmoja wa Arusha, suti imembana, hata shikamoo hakutoa. "Bosi, shanga nitakuletea mimi, kila mwezi." Akampa kadi, wakapeana mikono, imeisha. Na hakuwa na ushanga hata mmoja! Mzee akanigeukia anatabasamu. "Umelelewa vizuri, mwanangu. Msalimie mama." Akaenda zake kuchukua chakula.

Nina hasira na yule mzee, maana mkufu aliuona. Nina hasira na wewe pia, Yeyo, unisamehe. Ulinifundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, hukunifundisha namna ya kuwaambia nina shida.

Tena ngoja. Yule kijana alinifuata mpaka mlangoni. "Dada, unawafahamu akina mama wanaotunga hizi? Wale wa bei poa?" Nikamkazia macho. "Hebu niondokee!" Watu wote wakageuka, na sikujali.

Atakuja huko, najua, na sukari na majani ya chai ya kuwalainisha. Msimuuzie! Jumatatu nakwenda hotelini kwa yule mzee. Namwaga mzigo wote mezani kwake kabla hajauliza habari ya ng'ombe hata mmoja.

Nisalimie bibi, na mke wa kaka aliyejifungua juzi. Mama mkubwa, kiongozi wenu wa kikundi, mwambie asiweke sindano chini. Na wewe, Yeyo, ukisikia watu wanasema binti yako amekosa adabu huku Karatu, usilie. Ujue nimeuza.

Binti yako,
Nashipai