Jina la Baba Kwenye Jiwe la Ukumbi

Nyumbani, Ileje
9 Septemba 2012

Kwa dada yangu mpendwa Jenista,

Nakusalimu wewe, shemeji Rabson na watoto wote hapo Mlowo. Natumaini kifua cha shemeji kimetulia na biashara ya mahindi inawapa riziki. Huku nyumbani hatujambo. Mama anakula vizuri, ila miguu inamsumbua asubuhi. Mke wangu Erica amekipokea kitenge na anakushukuru sana. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayaona humu.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja tu: je, jina la baba litaandikwa kwenye jiwe la ukumbi pamoja na wazee wenzake waliojenga? Jibu ni hapana. Naomba uketi, usome mpaka mwisho kabla ya kumlaani mtu.

Wewe unakumbuka kuliko mimi jinsi ukumbi ule ulivyojengwa. Kila kaya ilileta mzigo wa kuni, na baba akachoma tanuri la matofali kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kazi hiyo. Mwenge wa Uhuru ulipokuja kuufungua, mwaka 1987, baba yetu, mzee Ambilikile, alikaa mstari wa mbele na koti la kuazima, hakutaka hata kuegemea kiti asilikunje. Miaka mitatu tu baadaye, kina mama wakiwa kikaoni na mvua inanyesha, ukuta wa nyuma ukawaangukia. Loisi, mke wa Danford, akafa pale pale. Matofali yaliyopasuka yalionekana mabichi ndani, na watu wakasema baba aliuza kuni za kijiji akachoma nusu nusu. Kuanzia hapo akawa mwizi wa kuni. Alipofariki, kaburi tulilichimba sisi wa ukoo peke yetu, na siku ile watu walikwenda shambani kulima.

Ukumbi nao haukupata heshima. Ushirika wa kahawa ulipolegea, mnunuzi binafsi alipanga upande uliobaki ukawa ghala lake, na alipoondoka alituachia panya. Baadaye pakawa banda la video, kisha zizi la mbuzi. Mwaka jana vijana wetu wanaofanya biashara Tunduma walikuja msibani, wakaona aibu, wakaahidi bati na saruji. Kwa kweli walileta. Kazi ya uashi akapewa mdogo wako huyu.

Nilipokuwa nabomoa kipande cha ukuta kilichobaki, matofali yalikuwa yakimeguka mkononi. Vijana wanaonisaidia walicheka wakauliza mzee aliyechoma haya alikuwa fundi wa aina gani. Nami nikacheka nao, dada. Nilicheka kabisa, meno nje.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji, Timotheo, aliitisha mkutano na kusoma majina ya wazee yatakayochongwa. La baba akaliruka. Mama mmoja alipouliza, Danford alisimama akasema jina la mwizi wa kuni likiandikwa pale, yeye hatakanyaga ndani ya ukumbi uliomuua mke wake. Kisha Timotheo akasema mimi sikufuata njia za baba yangu, ni fundi mwaminifu, hivyo jina langu liwekwe chini kabisa kama mjenzi. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja ya mwaka 1986, tanuri la matofali ya ukumbi likiwaka, baba aliitwa kwenye kesi ya mpaka wa shamba, akaniachia midomo miwili ya tanuri upande wa magharibi. Aliniagiza niilishe kuni mpaka Jumapili asubuhi, ndipo nizibe kwa tope. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na siku hiyo timu yetu ilikuwa inavuka mto Songwe kucheza na vijana wa Malawi. Niliziba saa sita mchana. Kuni zilizobaki zingenisaliti, nikazipeleka kwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji, akanilipa kwa pombe. Nilicheza na bao nikafunga.

Baba aliporudi alikuta midomo imezibwa na kuni hakuna, akaamini moto umekula zote. Nilimwambia ukweli siku Loisi alipozikwa. Hakunipiga. Alisema sijaoa bado, na hakuna nyumba itakayonipa binti wakijua. Yeye ni mzee, alisema, hana cha kuposa. Akaniamuru nifunge mdomo. Mwaka uliofuata nikamwoa Erica, na baba akacheza harusini peke yake, kwa maana hakuna aliyetaka kucheza karibu naye.

Kwa hiyo kuni za kijiji ziliibwa kweli, dada. Mwizi ni mimi. Loisi nilimuua mimi, nikamwacha baba azikwe kwa jina langu.

Ukumbi unafunguliwa Jumamosi ya tarehe 22. Mkutanoni nilijaribu kusimama mara mbili, nikaishia kuketi. Najijua, siku hiyo pia sitasimama. Nakuomba uje, na barua hii umpe Timotheo aisome mbele ya wote, Danford akiwepo. Erica hajui lolote. Atasikia humo humo na wenzake. Najua unanipenda na utataka kuichoma jikoni. Baba alinifichia mpaka akafa. Wewe usinifichie.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama anasema ukija umletee chumvi na dawa ya kuchua miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Ezron, mtoto wa Ambilikile