Mlango wa Kushoto

Castelvetro, tarehe 9 Juni 2019

Dada yangu Iole,

Najua huko utawani wanakuita Sista Maria Kleofa, lakini mimi na wewe tuliogeshwa karai moja, maji yale yale, na wewe ndiye uliyekuwa ukitangulizwa kwa sababu ulijua kulia zaidi. Kwa hiyo Iole ni Iole. U hali gani? Magoti bado yanakunjika, au siku hizi unasali umeketi kama askofu? Mimi mzima, ukiacha sikio la kulia lililostaafu kabla yangu, na meno ambayo sasa yanalala kwenye glasi yao peke yao. Cheri zimezaa mpaka matawi yanainama. Na kama Mama Mkuu anaisoma barua hii kwanza, shikamoo Mama Mkuu, ukifika ukurasa wa pili jifanye hukuuona.

Nakuandikia habari ya gari. Usigune, soma.

Ermes Zanasi unamkumbuka. Unamkumbuka, usijifanye. Tulimzika Februari. Amemwacha mke wake Argia, na lile gari dogo jekundu la mbio lililotoka karakana ya mzee Guaitoli mwaka 1956. Bodi yake niliifua mimi kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, nikiwa na miaka ishirini na masikio yote mawili. Pia ameacha jina la mwongo. Maisha yake yote alisema kwamba kwenye mbio za mlimani za mwaka ule aliyeliendesha gari lile ni yeye, fundi wa injini, si Wakili Torrigiani aliyeandikwa kwenye matokeo. Wakili alikula soseji iliyochacha, tumbo likamkamata, Ermes akavaa kofia yake na miwani yake ya vumbi, akapanda, akawa wa tatu. Leseni ya mbio hakuwa nayo, basi mzee Guaitoli akawaapisha wote wafunge midomo.

Baa nzima haikumwamini. Akiingia tu wanasimama: Karibu Mheshimiwa Wakili! Mheshimiwa, ile kesi yangu ya kuku imefikia wapi? Ermes alikuwa akicheka nao, lakini mimi nilikuwa nakaa karibu naye, nauona mkono ulioshika kikombe. Shahidi nilikuwepo, ndiyo, ila ushahidi wangu baa ile hauna soko tangu nilipowaambia kwamba askofu huniletea bampa lake kwa siri.

Basi mwezi uliopita Argia akamwita Injinia Vismara kutoka Milano, yule anayeandika hati za magari ya zamani: kipi ni cha awali, kipi kimebandikwa, nani alilimiliki, nani aliliendesha. Nikamuuliza Argia anataka kuuza? Akaniambia, nani kakwambia nauza, wewe mzee? Nataka karatasi yenye mhuri na jina la mume wangu, niibandike pale baa juu ya mashine ya kahawa, niwaangalie wanavyomeza.

Injinia akaja na glovu nyeupe kama anakuja kuzalisha. Akapitisha sumaku kila mahali kutafuta bati, haikunasa, maana bodi yote ni alumini, akafurahi. Akanusa viti. Nikamwambia taratibu bwana, Ermes alikuwa akipanda na mbwa. Kisha akalala chini kusoma namba iliyogongwa kwenye fremu, 028, akainuka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Ile nane, alisema, imepinda kiunoni. Hakuna karakana ya kweli inayogonga nane kama hiyo. Namba imeghushiwa.

Argia akanyanyua ufagio. Mimi nikacheka mpaka meno yakachungulia nje. Nikamwuliza Injinia kama aliwahi kukutana na ubahili. Mzee Guaitoli, mhuri wake wa chuma wa kugongea nane ulivunjika, akakataa kununua mwingine. Tukawa tunagonga tatu, halafu tunaigeuza hiyo hiyo tatu tunagonga tena juu yake. Kila nane iliyotoka mle inasimama kama mlevi. Nikaleta kisanduku cha mihuri yenyewe, nilichokirithi siku karakana ilipofungwa (kukirithi, Iole, si lile neno ulilolifikiria), nikagonga juu ya kipande cha chuma mbele yake. Akazilinganisha nane zote mbili kwa lenzi, akanishika mkono kama nimefufuka. Gari ni la awali, akasema, kuanzia pua hadi mkia.

Lakini kuhusu dereva, hapana. Daftari la wamiliki lina karakana, kisha daktari wa Bologna, kisha mfuga kuku, kisha Ermes, mwaka 1971. Siku ya mbio, matokeo yanasema Torrigiani. Alisema kwa upole kabisa kwamba maneno ya wazee hayapigwi mhuri. Argia akaanza kukusanya vikombe, hata cha Injinia ambacho kilikuwa bado kimejaa.

Hapo, dada, sikuweza tena. Nikaomba bisibisi, nikaenda kwenye mlango wa kushoto, nikafungua bawaba ya chini. Nyuma yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, mahali pale pale nilipoiweka.

Sasa keti, hata kama umeketi. Siku moja kabla ya mbio Ermes alinipa barua nikuletee. Niliitia mfukoni. Jioni ile mlango wa kushoto ulikuwa unalia, kila ukitikiswa ngwee, ngwee, na Guaitoli amesimama kichwani kwangu ananitukana ukoo mzima. Nilihitaji kitu chembamba cha kujaza nyuma ya bawaba. Nikaingiza mkono mfukoni. Mlango ukanyamaza.

Nilipofika nyumbani ulikuwa umesimama pale ngazini na unga mikononi, ukaniuliza, eti Ermes kasema nini leo? Nikakwambia, kasema mlango unalia.

Mwanzoni nilisahau, kwa kweli. Halafu gari likauzwa. Halafu Septemba ukaondoka, wakakukata nywele, na mtu angeanzia wapi? Kisha Ermes mwenyewe akalinunua, na kila Jumapili akaufungua na kuufunga mlango ule mbele ya wageni: Sikilizeni, haulii! Miaka yote hiyo haulii! Fundi wake ni huyu mpumbavu hapa. Nami nilikuwa naangalia viatu.

Argia alininyang'anya ile karatasi akaisoma kwa sauti. Ermes anakwambia Wakili anatapika, kwamba kesho atakayeendesha 028 ni yeye, kwamba hana shamba wala leseni, ila ana mikono miwili isiyotetemeka, isipokuwa ukiiangalia wewe. Kama umemridhia, usimame kwenye kona ya kanisa dogo umefunga kitambaa cha njano. Asipokuona, hatakusumbua tena.

Nilisubiri ufagio. Argia akapaza sauti: Mshenzi yule! Mikono miwili isiyotetemeka! Ndiyo barua aliyoniandikia mimi mwaka 1960, neno kwa neno, kabadilisha jina na rangi ya kitambaa! Miaka yote nimetunza nakala kwenye sanduku la harusi, kumbe ya awali iko kwenye bawaba! Akacheka mpaka akajifuta macho kwa glovu ya Injinia, na nadhani si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Injinia alisema tarehe ipo, mwandiko ni wa Ermes, jambo limekwisha. Ila barua ni mali ya aliyeandikiwa, na bila idhini yako haiingii kwenye hati. Basi ninakutumia yako hii hapa, ina mafuta na tundu la skrubu. Ukikubali, andika chini mstari mmoja na utie sahihi, Iole au Kleofa, yeyote aliyeko. Usipokubali, Ermes atabaki Mheshimiwa Wakili, nami sitakuuliza kwa nini. Lile swali jingine pia sikuulizi. Kuna majibu ambayo sikio langu zima halitaki kuyasikia.

Argia anakusalimu sana, bila kinyongo. Anasema ukipewa ruhusa njoo ule cheri kabla ndege hawajazimaliza. Nilitaka kuitengeneza ile bawaba kwa kipande cha alumini, kazi ya dakika tano, akanikataza. Siku hizi analitoa gari kila Jumapili yeye mwenyewe, na mlango unalia kijiji kizima kinasikia. Nikimlalamikia ananiambia niuache, ulinyamaza vya kutosha.

Wasalimie masista wote, hata yule mnene asiyenipenda. Niombee, lakini usimwambie Mungu kila kitu kwa mara moja.

Ni mimi kaka yako, tarishi mbaya kuliko wote,

Nerio