Banda la Kuku Nyuma ya Nyumba Yangu

Mpanda, Jumamosi, kiangazi 1957

Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la barabara ya mgodini limeingia hadi kwenye mtungi wa maji. Naandika nikiwa nje kibarazani. Sitaki kuingia ndani.

Leo alikuja mkaguzi wa nyumba kutoka Tabora. Nimeomba mkopo nifungue karakana ya useremala hapa mtaani Majengo, na nyumba hii ndiyo ningeiweka rehani. Wakopeshaji wanataka taarifa ya mkaguzi: msingi, kuta, paa. Wanataka pia nyumba iwe na bima ya moto, na watu wa bima hawakubali nyumba iliyoshikana na kibanda cha nyasi ambamo mtu analala na kuwasha moto.

Kibanda hicho ninacho. Kimeegemea ukuta wangu wa nyuma.

Anayelala humo ni mama yangu.

Nilimleta kutoka kijijini kwetu Mpimbwe baba alipofariki, nikamwambia atakaa pale kwa muda tu. Mpaka leo yumo.

Mkaguzi alizunguka, akagonga kuta, akasifu milango niliyoichonga mwenyewe. Tukafika nyuma.

"Na humu?"

"Banda la kuku," nikasema. Wala sikusita.

Nilidhani mama ameshaenda kanisani kwenye misa ya asubuhi. Kumbe alikuwa ndani. Akatoka ameinama, maana mlango ni mfupi, kitambaa cha kichwani kimejaa majivu. Mkaguzi akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Unalala humu?"

Mama alinitazama kwanza.

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Niliingia kuokota mayai."

Mikono yake ilikuwa mitupu.

Mkaguzi akaandika, akaaga. Mke wangu Anastazia alikuwa amesikia yote. Alichukua ndoo, akanipa mgongo, akaenda kisimani.

Chakula cha mchana nilikiacha mezani. Nikamfuata mkaguzi kule alikofikia, karibu na stesheni, nikamweleza ukweli. Akafuta alichoandika, akaandika upya.

"Afadhali umesema," akaniambia. "Moto ungeanzia kwenye kibanda kile, bima wasingekulipa, na mkopo ungebaki shingoni mwako. Kibomoe, mjengee mama chumba cha bati na jiko la kando. Ukimaliza, niite."

Nilirudi moyo mwepesi. Nikabeba kitanda cha mama, nikakiweka sebuleni. Nilitegemea atafurahi.

"Umemwambia nini yule mgeni?"

"Ukweli, mama. Kwamba unalala kule."

"Kwa hiyo umemwambia nimedanganya."

Nikaanza kunyoosha shuka la kitanda chake.

"Kesho Jumapili nilikuwa nipokee komunyo, sasa nitaipokeaje na dhambi ya uongo?" akasema, polepole kama anaongea na mtoto. "Uongo ule niliusema kwa ajili yako, upate karakana. Karakana bado hujaipata, na mimi umeniacha mwongo mbele ya mtu baki. Hukuweza hata kuniuliza kwanza?"

Njia nzima ya kwenda stesheni sikumfikiria. Nilitaka tu kuutua mzigo wangu, na nikautua juu yake.

Jua linazama. Mama amekaa kwenye kitanda chake sebuleni, ameuelekea ukuta. Anastazia amempelekea uji, amekataa. Ni mimi ninayepaswa kuingia sasa.

Nimwombe radhi kwa lipi kwanza?