Kamba ya Pantoni, Garsen

Mama, shikamoo. Nimefika salama, matope mpaka magotini, na kitoweo cha hapa ni kambare, ambaye najua wewe ungemkataa.

Leo nimevuka Tana. Pantoni haina injini, abiria wenyewe huivuta kwa kamba. Afisa wa Kizungu tu ndiye aliyebaki ndani ya gari lake.

Mbele yangu kwenye kamba alikuwa Warsame, Msomali mchuuzi wa ng'ombe, kwao Kismayu. Anasema Mtaliano ameshapangiwa mwaka wa kuondoka nchini kwao, na bendera ya Wasomali tayari inapepea, ya samawati yenye nyota moja. Nikamuuliza, "Mkishajitawala mtaanza na nini?" Akageuka kunijibu: bunge, shule, barabara, huku akihesabu kwa vidole. Pantoni ikasita katikati ya mto.

Mama mmoja wa Kipokomo nyuma yetu akamwambia taratibu, "Baba, yule wa kwenye gari havuti. Na wewe umeacha. Atatufikisha nani?"

Warsame akaishika kamba, akavuta mpaka ng'ambo.

Mama, ndoo ya kisimani usiinue peke yako. Mwambie dada Salma ashike upande wa pili.

Mwanao akupendaye,
Athumani