Maji ya Kuoshea Nyama

Jumatatu, 4 Machi
Bonge kagoma kula. Bonge! Nguruwe dume anayetafuna mpaka kamba! Mwili unawaka moto, masikio mekundu. Mume wangu anasema ni jua tu, nisikuze mambo.

Jumanne, 5 Machi
Hasimami. Mume wangu kasema tumuwahi kabla hajafa, nyama isiende bure. Tumemchinja. Paja moja nimempelekea dada. Kafurahi! Hana mifugo mingine zaidi ya nguruwe jike mmoja, mwenye mimba, karibu anazaa. Kampa jina langu, mchokozi yule.

Jumamosi, 9 Machi
Majike wawili wamelala, masikio yamegeuka zambarau. Mmoja katupa mimba. Damu puani. Mungu wangu.

Jumapili, 10 Machi
Wamekufa wanane. Daktari wa mifugo kaja, banda zima kalikagua kwa macho tu akiwa langoni. Homa ya nguruwe. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Binadamu haimdhuru, lakini kirusi kinakaa kwenye damu, kwenye nyama, hata kwenye soli za viatu. Mtu asitoke hapa kwenda kwa wafugaji. Kauliza kama kuna nyama iliyotoka. Mume wangu kawahi kusema hakuna. Nami nikanyamaza! Mdomo huu!

Jumatatu, 11 Machi
Waliobaki nao wamekwisha. Tumechimba shimo, tumemwaga chokaa. Nimeosha banda tupu mara tatu, sijui naosha nini.

Nawaza jambo moja tu. Mama alitufundisha, mimi na dada: maji ya kuoshea nyama hayamwagwi, yanatiwa kwenye pumba za nguruwe. Mimi nafanya hivyo. Dada anafanya hivyo. Jumanne ile, kwake, alibeba ndoo ya maji hayo kwa mikono miwili — nikamfungulia mlango wa banda lake mimi mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi
Dada kapiga simu, anacheka. Eti wajina wangu kaamka hataki kula, masikio mekundu kama kapakwa rangi. Si ndio uchungu huo? Njoo basi, mdogo wangu, mkono wako mwepesi kuzalisha.

Nikamwambia nakuja. Nakuja! Kufanya nini?

Nimevaa viatu — vilevile vya bandani. Nimevivua. Nimekaa chini hapa mlangoni, miguu mitupu.

Simu inaita tena. Ni yeye. Nianzie wapi, kwenye nyama au kwenye ndoo?

Imekatika.

Inaita tena —